Mbuzi wa Siku ya Slabu

Rahab Wacuka alikuwa mwanamke wa kunyoosha mambo. Kitambaa cha meza kikienda upande, alikinyoosha. Mgeni akikalia kiti kwa pembe, alimnyoosha pia, kwa macho tu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapo Kitengela mpaka alipostaafu, na hadi leo watu wazima wa mtaa wake wa Noonkopir, wenye maduka yao na wajukuu wao, hutoa mikono mfukoni wakimwona akija.

Mumewe, Ngigi wa Macharia, alikuwa mkandarasi wa ujenzi. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, Rahab aliyanyoosha hata mazishi. Hotuba zilikuwa fupi, hema halikuinama, na hakuna shemeji aliyepata nafasi ya kulewa. Hakulia. Waombolezaji walisema ana moyo wa chuma, wakamsifu. Ukweli ni kwamba hakusikia kitu. Alikingoja kilio kama watu wanavyongoja maji ya mfereji yarudi, ndoo iko tayari. Wiki zikapita, mwisho akaondoa ndoo. Chai aliinywa. Kanisani alienda. Kila kitu kilimfikia kama kimepitia kwenye blanketi.

Jambo moja tu lilikuwa bado linamchoma, nalo hakulisema kwa mtu. Wiki ya mwisho hospitalini, Ngigi akiwa hajitambui, hakumwita Rahab wala binti yao wa pekee, Mwihaki. Aliita, "Pakine." Mara nyingine, "Pakine, maji!" Rahab alimletea maji, Ngigi akaisukuma glasi, akaita tena kwa sauti ya mtu aliye mbali na anayemtaka. Muuguzi akauliza Pakine ni nani. "Ni homa," Rahab akasema. Mwihaki alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Naye aliambiwa hivyo hivyo.

Jina lilikuwa la Kimaasai, hilo sikio la Rahab lilimwambia. Na mwanamume aliyejenga Kajiado na Bissil na Namanga kwa miaka mingi, akilala huko wiki nzima, anaweza kuwa na mtu. Rahab hakuuliza. Alilifungia jina lile ndani kama mtu anavyofungia chumba kinachovuja. Ukoo wa Macharia ulikuwa na jina safi, na yeye ndiye aliyebaki kulilinda.

Ndipo kikaja kikundi cha Saruji Yetu.

Kilikuwa kikundi cha wenyeji wa Kitengela na Kajiado walioanza kuyapenda majengo ambayo wengine hawayatazami mara mbili, yale ya saruji yaliyojengwa baada ya ile vita kuu ya pili na miaka ya kwanza ya uhuru, wakati nchi ilipotaka kuonekana mpya. Paa bapa, kuta zisizo na urembo, nguzo nyembamba, matofali yenye matundu ya kupitisha upepo. Kikundi kiliyapiga picha, kiliwarekodi wazee, halafu kila jengo liliwekewa kibao cha chuma ukutani, kimeandikwa mwaka na jina la aliyejenga. Walianza na kituo kimoja cha zamani cha petroli chenye kipaa cha konkriti kilichotokeza kama ulimi. Sasa walikuwa wamefika kwenye jengo walilolitaka kuliko yote, ukumbi wa mikutano wa Kajiado, ambao paa lake limekunjwa kama kitabu kilicholazwa kifudifudi.

Ukumbi huo ulijengwa na Ngigi kabla hajamwoa Rahab. Familia nzima ilijua hivyo. Kila walipopita Kajiado kwa gari, Ngigi alipunguza mwendo, akalitazama lile paa, akaongeza mwendo tena. Hakuwa msemaji, na Rahab hakuwa amemzoesha kuleta habari za kazini kwenye meza ya chakula.

Katibu wa kikundi alikuwa Parsaoti, mpimaji wa ardhi, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alikuja Alhamisi asubuhi, akaketi pembeni mwa kochi.

"Mwalimu, kuna kashida kadogo."

"Shida iko au haiko, Parsaoti. Hiyo kadogo ni ya nini?"

Parsaoti akatazama viatu vyake. "Iko."

Akaeleza. Kwenye kile kituo cha petroli zilitokea familia mbili na mababu wawili marehemu, kila mmoja amejenga peke yake, na mkutano uliishia kwa viti kurushwa ndani ya ukumbi wa kanisa. Tangu hapo kamati iliweka kanuni: jina haliendi kwenye kibao mpaka litamkwe na mtu aliyefanya kazi pale, tena asiwe wa familia. Kwa ukumbi wa Kajiado alikuwa amebaki hai mtu mmoja, bibi mmoja mzee aitwaye Soipan, aliyekuwa akifyatua yale matofali ya matundu.

"Tumemrekodi. Anakumbuka kila mtu, Mwalimu. Fundi wa mbao, dereva wa lori, mpaka mpishi. Lakini tukimuuliza nani alijenga, anasema ni Pakine. Pakine alisema hivi, Pakine alipima hivi. Jina la Mzee halijatoka hata mara moja."

Rahab alimtazama. Aliona kwamba kifungo cha pili cha koti la Parsaoti kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Kifungo chako kinaanguka," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa kamati inasema tuandike Pakine. Labda Mzee alikuwa chini yake, kama msaidizi. Kibao kinachongwa Jumatatu."

"Wewe ni Mmaasai. Huyo Pakine ni wa ukoo gani?"

"Mimi nimekulia bweni tangu darasa la kwanza, Mwalimu, wewe unajua. Kimaa changu ni cha kuunga. Na Katee aliyeandika mahojiano ni Mkamba. Tumeuliza jina la baba ya Pakine, bibi anacheka tu."

Alipoondoka, Rahab aliviosha vikombe, akavikausha, akavirudisha kabatini. Akivitazama aliona mambo mawili yamekaa wazi mbele yake. Akinyamaza, jengo la pekee ambalo mumewe alikuwa akilipunguzia mwendo litabeba jina la mtu mwingine, na watoto wa shule watapelekwa pale kulisoma. Akienda kuuliza, ataufungua mlango alioufunga mwenyewe, tena mbele ya katibu wa kamati, na kufikia Jumapili Kitengela nzima itajua Ngigi wa Macharia alimwita nani alipokuwa akikata roho. Alitafuta hofu kifuani, akaona ipo, lakini kama kitu kilichowekwa rafu ya juu.

Akampigia Mwihaki, aliyeolewa Nkoroi.

"Mama, wachana nao," Mwihaki akasema, haraka kuliko ilivyopaswa. "Ni kibao tu. Baba hakuwa mtu wa vibao."

"Ni jina la babako."

"Jina la baba liko kwenye kaburi. Tafadhali, Mama. Usiende huko kuuliza watu maswali."

Ule wasiwasi wa binti yake ndio uliomfanya aamue. Jumamosi alivaa suti yake ya bluu, akaweka picha ya Ngigi kwenye mkoba, ile ya ujana iliyopigwa akiwa na rula mfukoni mwa shati, akaingia kwenye gari la Parsaoti. Wakapita Isinya.

Soipan hukaa kila Jumamosi kwenye kibaraza cha ule ukumbi na shanga zake, ameegemea ukuta wa matofali ya matundu. Upepo wa uwandani hupenya hapo nyuma yake ukatoka ukiwa umepoa. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, ndewe za masikio zimening'inia na vipuli vya bati. Aliwatazama tangu waliposhuka garini.

"Takwenya," akasalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Rahab akaitikia. Miaka yote ile ya Kitengela ilikuwa imemfundisha hilo.

"Parsaoti, umeniletea mwalimu ama polisi?"

"Ni Mwalimu, kokoo," Parsaoti akasema, akimwita bibi kwa Kimaa. "Mwalimu Rahab, mjane wa mkandarasi aliyekuwa akijenga huku."

"Naona. Hata viatu vyake vimefunga mdomo." Akacheka peke yake, akasogeza shanga. "Kaa, mama. Hapa ni baridi lakini ni safi."

Rahab hakukaa. Alikuwa amelipanga swali lake barabarani, akalisema kama alivyolipanga. "Mama Soipan, nimekuja kuuliza habari za Pakine. Nataka kujua kama ni mwanamume au ni mwanamke."

Soipan akaacha kutunga shanga. "Nani amekutuma kuuliza hivyo?"

"Nimejituma."

"Basi ni mimi," Soipan akasema. "Mimi ni Pakine."

Parsaoti aliishusha simu aliyokuwa anarekodia, kisha akaiinua tena. Rahab aliyaona mambo haya yote. Aliona pia sisimizi mmoja akipanda ukutani, akiingia kwenye tundu la tofali. Akafikiri, basi ni hivyo, na fikira hiyo ikapita bila kugusa popote.

"Kokoo," Parsaoti akasema, "si ulituambia Pakine ndiye alijenga?"

"Na yeye ni Pakine. Mimi namwita Pakine, yeye ananiita Pakine. Hamjui hii maneno? Na wewe mtoto wa hapa hapa!" Akampiga Parsaoti gotini kwa ushanga. "Huna mbuzi hata mmoja, ungejuaje? Mtu akikupatia mbuzi, mnawacha majina. Mnakuwa Pakine nyinyi wawili. Akikupatia kondoo ni Paker. Hata hapo Isinya niko na Paker wangu, mwanamke mnene, mwongo sana. Lakini wa mbuzi alikuwa mmoja tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniuliza nani alijenga. Nikakuambia."

Rahab akaketi. Hakuamua kuketi, alijikuta amekaa kwenye kizingiti, mkoba magotini, sakafu ikiwa baridi kupitia sketi.

"Alikupa mbuzi kwa nini?" akauliza.

"Mimi ndiye nilianza kumpa." Soipan alinyoosha kidole juu, kwenye lile paa lililokunjwa. "Hiyo slabu. Wewe ukiwa mke wa mtu wa mjengo, unajua siku ya slabu."

Rahab alijua. Kila mkandarasi alijua. Siku ya kumwaga slabu, konkriti haingoji mtu. Kazi ikisimama katikati, ile ya kwanza inashika kabla ya ile ya pili, na paa hupasuka pale pale siku za mbele. Na siku hiyo vibarua hulishwa nyama. Ni desturi ya mjengo, na asiyeilisha timu yake atabeba karai mwenyewe.

"Lori ya chakula ililala njiani," Soipan akasema. "Saa ya kula ikapita. Wanaume wakaanza kuweka karai chini, mmoja, mwingine. Slabu imefika nusu. Yeye hakupiga kelele. Alisimama tu hapo juu anaangalia barabara. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi juzi, niko na mbuzi mmoja, alinipatia baba yangu. Nikaenda nikamleta. Bwanangu alinichapa baadaye, lakini mbuzi ilikuwa imeshaliwa." Akacheka tena, meno machache. "Wakakula kwa zamu, hawa wanapanda, hawa wanashuka, konkriti haikusimama. Mwaka ukaisha, siku moja naona yule mrefu anakuja kwa boma yetu na mbuzi ya mimba kwa kamba. Hata kushika kamba hajui. Akampatia bwanangu mkononi, mbele ya wazee, ndio kusiwe na maneno. Lakini jina lilikuwa limeisha tangu ile mbuzi ya kwanza, siku ya slabu."

Parsaoti akasogea mbele. "Lakini kokoo, jina lake unalijua?"

"Si lilikuwa linaitwa hapa kutwa nzima?"

"Basi litamke mara moja tu, kwa simu. Kanuni yetu inataka litamkwe."

"Hapana."

"Mara moja tu, kokoo."

"Nikimwita jina ni kama natapika hiyo nyama yake. Akiwa hai sikuliita. Sasa nimwite akiwa hawezi kunijibu?"

Upepo ukapita kwenye matundu. Parsaoti akamtazama mwalimu wake kwa uso wa mtu aliyefikishwa mtoni akakuta daraja halipo. Na Rahab alielewa kwamba njia ya kumaliza jambo hili ilikuwa ni yeye kulitoa lile alilolificha, palepale, simu ikiwa inarekodi.

Akafungua mkoba, akampa Soipan picha.

Soipan aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu. "Pakine," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, "Alikuwa anavaa hiyo rula hata akienda kula."

"Alikuita," Rahab akasema. "Hospitalini, siku za mwisho. Hakutuita sisi. Alikuita wewe."

Soipan akainua uso. "Alisema nini?"

"Pakine, maji."

Bibi yule akauliza kama mtu wa kazi. "Ilikuwa imeanza kukauka?"

"Nini?"

"Slabu. Upepo wa hapa unaikausha mbio, inapasuka. Sisi wanawake tuliimwagia maji asubuhi na jioni, yeye yuko chini hapo anapiga kelele, Pakine, maji! Pakine, maji! Mpaka watoto wakipita kwenda shule wakawa wanaimba hivyo."

"Mimi nilimpa ya kunywa," Rahab akasema.

"Hiyo haikuwa ya kunywa."

"Sasa najua."

Akangoja. Alifikiri kwamba kama kilio kilikuwa kitakuja, kingekuja hapo. Akainua kichwa akalitazama paa kwa chini, mkunjo kwa mkunjo. Halikuwa na ufa wala doa la maji. Lilikuwa paa tu, na yeye alikuwa mwanamke aliyeketi chini yake. Hakuna kilichokuja. Ila aligundua kwamba kile chumba alichokuwa amekifunga kilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na mtu wa kuogopwa.

Parsaoti akakohoa. "Mwalimu, mimi nimeamini. Lakini kamati... kanuni inasema atamke."

Rahab akasimama, akapangusa sketi. "Umeona picha?"

"Nimeona."

"Umemuuliza ni nani aliyejenga?"

"Nimeuliza."

"Akajibu nini alipoiona picha?"

"Pakine."

"Basi ametamka. Ametamka tangu asubuhi. Ninyi ndio hamkuwa mnasikiliza. Peleka hiyo rekodi kwa kamati, icheze yote, hata pale penye hospitali. Mwenye swali aje Noonkopir aniulize mimi."

"Yote, Mwalimu? Hata hospitali?"

"Ndiyo sehemu inayothibitisha kwamba ni yeye."

Jioni alimpigia Mwihaki. Alieleza kwa mpangilio: mbuzi, slabu, maji.

"Mama," Mwihaki akasema, "mimi nilidhani ni mwanamke wake. Siku ile pale mlangoni. Nikasema wewe usijue kabisa."

"Ulidhani mimi sikusikia?"

"Ulisema ni homa. Nikafikiri umeamini. Kwa hivyo nikanyamaza."

Miaka mitatu walikuwa wamekaa meza moja kila Krismasi, kila mmoja akimkinga mwenzake. Rahab alitaka kucheka. "Umekula?" akauliza. Mwihaki alikuwa amekula.

Kamati iliicheza rekodi Jumatatu. Hakuna aliyekuja Noonkopir na swali. Parsaoti ndiye aliyepiga simu, amefurahi kama aliyepita mtihani. "Wamekubali, Mwalimu, wote! Na Evalyne, mwenyekiti wetu, amesema hiyo habari ya mbuzi ni tamu sana. Wanataka tuandike Ngigi wa Macharia, na chini yake tuweke Pakine, watu wasome."

"Andika Ngigi wa Macharia, mkandarasi. Hilo ndilo jina la ukoo. Ukipenda, ongeza wanawake waliofyatua matofali, walikuwepo."

"Na Pakine?"

"Hilo si la ukutani. Lina wenyewe."

Siku ya kukiweka kibao watu hawakuwa wengi. Wenye kikundi, mchungaji aliyeomba kwa ufupi baada ya kutazamwa na Rahab, na wapita njia wachache waliosimama kwa sababu wengine wamesimama. Mwihaki alikuja na watoto. Fundi akakaza skrubu za kibao mkono wa kulia wa mlango, Parsaoti akakisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Koti lake lilikuwa limeshonwa kifungo kipya, rangi si yenyewe. Jina la Ngigi lilikuwa pale, limenyooka, herufi zimetimia. Rahab alilisoma mara mbili kutafuta kosa, asilione.

Soipan hakuwa katika kundi lile. Jina lilipokuwa likisomwa alikuwa ameondoka akaenda upande wa pili wa ukumbi, ameugeuzia mgongo mkutano mzima, kana kwamba anatafuta kitu nyasini. Makofi yalipokwisha alirudi pole pole, akakaa mahali pake, akafungua shanga zake.

Watu wakaelekea kwenye chai. Rahab akawafuata, mkoba mkononi.

"Pakine!"

Wote walisikia. Hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyeitwa. Rahab naye hakuwa amefikiri lolote. Shingo yake ndiyo iliyogeuka, na alipotambua kwamba imegeuka, alikuwa tayari anamtazama Soipan.

"Wewe," Soipan akasema. "Unaangalia nani mwingine? Mbuzi haikuzikwa na yeye. Imebaki kwa nyumba yako."

Rahab alisimama katikati ya kibaraza. Alikuwa ameitwa Mwalimu, Mama Mwihaki, mke wa Ngigi, na miaka hii ya karibuni mjane wa Ngigi, na yote aliyaitikia kwa sauti ile ile. Akarudi. Akaketi kwenye sakafu ile baridi, bila kutandika leso.

"Sema basi," akamwambia Soipan.

"Shika hapa." Soipan akampa ncha ya uzi. "Usivute."

Rahab akaushika uzi.